Kila Asubuhi Bibi Anakwenda Kazini

4 Februari

Mwanangu Sisimizi,

Najua utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Juzi nilimpigia Bibi yako mchana, tukaongea vizuri, akacheka. Jioni nikapiga tena kumkumbusha dawa, akaniambia kwa uchungu, "Wewe mtoto, mwezi mzima hujanitafuta." Nilikata simu nikalia kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Simu inampita kama upepo. Barua ataishika, ataiweka chini ya mto, na kila akiisoma itakuwa mpya. Ndani ya bahasha kuna karatasi mbili. Ile fupi ni yake, hii ni yako. Na wewe unijibu kwa kalamu, maana kwenye simu sipati kwako zaidi ya "ndiyo Mama" na "hapana Mama".

Sasa nisikilize. Kwenye nyumba hii ya wazee tumeletewa mtaalamu wa mazoezi, kijana mwenye masikio makubwa. Tunamwita Filimbi kwa sababu ya filimbi anayoivaa shingoni. Wiki iliyopita alitukusanya walezi wote akatueleza habari za ubongo. Anasema ubongo wa mzee husinyaa taratibu, hasa ile sehemu ya ndani inayoshika mambo mapya. Lakini mzee anayetembea kila siku, kwa mwendo wa kumfanya apumue kwa nguvu kidogo, damu inafika vizuri kichwani na ile sehemu haisinyai haraka. Mwendo wenyewe ni ule ambao mtu anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Alisema pia kwamba mazoezi hayarudishi kilichokwisha kupotea. Yanachelewesha tu. Mimi hilo la kuchelewesha linanitosha.

Likizo yangu ni Desemba. Nataka nikifika, Bibi yako anijue. Sitaki kingine mwaka huu. Mtembeze, mwanangu. Najua umemaliza shule na hupendi watu wakuone njiani wakakuuliza habari za matokeo. Hata hivyo, toka.

Mama yako

19 Februari

Shikamoo Mama,

Bibi anaisoma karatasi yake kila siku. Akifika pale mchuzi ulipomwagikia viatu vya daktari, anacheka mpaka anashika mbavu, halafu ananisomea na mimi kana kwamba sijawahi kusikia. Nami nacheka.

Habari za kutembea hazikuanza vizuri. Nilimwambia, "Bibi, twende tukatembee." Akauliza, "Tunakwenda wapi?" Nikasema hatuendi popote, tunazunguka tu halafu tunarudi. Akanitazama kwa huruma. "Mtu mzima atoke kwake, azunguke, arudi mikono mitupu? Si watasema nimechanganyikiwa?" Jirani wa chini ameshasema hivyo, na mimi nilikuwa kwenye ngazi nikamsikia. Zile raba ulizotuma alizikataa pia. Anasema ni viatu vya watoto wa shule. Ameziweka juu ya kabati kama pambo.

Lakini Jumatano niliamka nikamkuta amevaa gauni lake la bluu, lile alilokuwa akivaa kazini, akifua mashuka ya hospitali. Alikuwa ametoa mashuka yote kabatini, akayakunja, akayafunga bunda. "Amka basi, nimechelewa," akasema. Nilitaka kumwambia kwamba alishastaafu kabla mimi sijazaliwa. Halafu nikafikiri, si anataka kutoka? Nikashika upande mmoja wa bunda.

Mama, alipanda kile kilima cha hospitali bila kusimama hata mara moja. Nilikuwa nahema mimi, naye ananiuliza kama nimekunywa chai.

Msimamizi wa chumba cha kufulia ni yule mama mnene aliyefundishwa kazi na Bibi. Alipotuona mlangoni nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Lakini hakuuliza kitu. Alisema, "Shikamoo mwalimu, leo umelala sana, foronya zinakungoja." Akamwekea kiti dirishani, na Bibi akakunja mpaka rundo likaisha. Tulipotoka aliniambia pembeni nimlete kila siku.

Tumekwenda tena leo.

Sisimizi

12 Machi

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako mbele ya Filimbi, akarukaruka kama amefunga bao. Anasema hicho ulichofanya ni bora kuliko kuzungusha watu kwenye ukumbi, kwa sababu Bibi anapanda kilima, anakutana na watu, na mikono na akili vinafanya kazi pamoja. Anataka kumwajiri msimamizi. Nikamwambia ajaribu tu, yule mama atamkunja naye amweke kabatini.

Endeleeni, mvua isiwe kisingizio. Na uniambie jambo moja. Je, ananitaja?

Mama yako

30 Aprili

Shikamoo Mama,

Anakutaja kila siku, tangu anapoamka.

Mabadiliko ni makubwa. Analala usingizi mzuri. Anakula bila kubembelezwa. Lango la hospitali limehamishiwa upande wa pili mwaka huu, nami nilidhani atapotea kila siku, lakini sasa ananiongoza yeye. Hilo si jambo jipya alilolishika? Nilifurahi nikasahau aibu, nikamsimulia fundi viatu wa kona ambaye sijawahi hata kumsalimia kwa sauti.

Kazini wanampenda. Shuka kubwa linahitaji watu wawili, kwa hiyo mimi nashika pembe mbili na yeye mbili. Tunalikung'uta, tunasogeleana, ananipokea pembe zangu, tunarudi nyuma. Ana mkunjo wake ambao wengine pale hawana: anaingiza kidole gumba ndani ya pembe na kuipindua, ili upindo ufichike ndani. Mimi umenishinda. Pembe zangu zinachomoza kama masikio ya Filimbi wenu. "Bado mdogo," ananiambia, "utajua tu."

Ananisuka mabutu mawili kila Jumapili. Jana amenigombeza nisipande tena ukuta wa shule, nitapasua sketi na hana hela ya kitambaa kingine. Nikamwambia sitapanda. Tulicheka njia nzima.

Sisimizi

21 Mei

Mwanangu,

Nimeichelewesha barua hii kwa sababu nimekuwa nikiandika na kuchana.

Wewe hujawahi kupanda ukuta wowote. Ulikuwa unaogopa hata kupanda kitanda cha juu. Aliyekuwa anapanda ukuta wa shule ni mimi, na iliyopasuka ni sketi yangu. Mabutu mawili nilisukwa mimi.

Kazi yangu ni wazee, mwanangu, kwa hiyo usinifiche. Niambie kweli. Akikuita, anakuita nani?

Mama yako

6 Juni

Shikamoo Mama,

Ananiita Kiberiti.

Ilianzia kilimani. Mara ya kwanza niligeuka nyuma, nikidhani labda umekuja kutushtukiza. Hakukuwa na mtu. Alikuwa ananyoosha mkono kunivusha barabara, akasema, "Kiberiti, shika mkono, magari hayana macho." Nikashika.

Mwanzoni ilikuwa njiani tu. Tukirudi nyumbani na kuvua gauni la bluu nilikuwa Sisimizi tena. Sasa ni Kiberiti asubuhi hadi usiku. Nilimwonyesha picha yako ile ya ukutani, ukiwa umevaa sare. Akasema, "Huyo muuguzi ana uso mwema. Ni wa nani?"

Sikukuandikia uwongo. Anakutaja kila siku. Ila akikutaja, ananitazama mimi.

Na niliitika, Mama. Ilikuwa rahisi kuitika. Kiberiti haoni haya. Kiberiti anajibizana na wauza mboga na watu wanamcheka na hawamwulizi habari za matokeo. Siku moja pale kwenye mashine alinituma sabuni, nikajibu, "Ndiyo, Mama," na wanawake wote wakaacha kukunja, na msimamizi akageukia ukutani. Bibi peke yake ndiye aliyeona ni kawaida.

Nimekuwa nikiwaza siku nzima. Ulinituma nimtembeze ili akuweke kichwani mpaka Desemba. Nami nimempeleka kila asubuhi mahali ambapo wewe bado ni mtoto. Nimemtenga na wewe kwa miguu yake mwenyewe.

Kuanzia kesho hatuendi tena. Nitamwambia ukweli kila siku mpaka akukumbuke jinsi ulivyo. Bado miezi ipo.

Sisimizi

29 Juni

Mama,

Sijapata jibu lako na siwezi kungoja.

Nililificha gauni la bluu. Alipolitafuta, nikamkalisha kitandani nikamwambia taratibu kwamba ameshastaafu, kwamba Kiberiti ni mtu mzima sasa, anafanya kazi mbali, na kwamba mimi ni mtoto wa Kiberiti. Alinisikiliza vizuri kabisa. Halafu akauliza, "Amekua lini?" Akaanza kulia. "Amekua lini na mimi sikuwepo?"

Nilimwambia, "Ulikuwepo, Bibi, ulimlea wewe." Hakunisikia.

Kesho yake akauliza tena kuhusu gauni, nikamwambia tena, akalia tena vilevile, kama mtu aliyepata habari ile saa ile. Barua zako zinakuwa mpya kwake kila siku na anafurahi. Kumbe na hili nalo linakuwa jipya kila siku.

Sasa hataki kutoka. Anakaa ukingoni mwa kitanda, miguu imevimba. Usiku anaamka, mchana anasinzia. Juzi alishindwa kuuona mlango wa choo na hatua kutoka pale ni chache tu. Alikuwa anajua lango jipya la hospitali, Mama. Sasa hajui choo.

Na hajakukumbuka. Hanijui hata mimi. Ananiita "wewe".

Nifanye nini?

Sisimizi

11 Julai

Mwanangu mpenzi,

Mrudishie gauni lake. Leo hiihii, ukimaliza kusoma.

Nisamehe kwa ukimya. Barua yako ya mwanzo wa Juni ilinikuta zamu ya asubuhi, nikaisoma nimesimama, nikaenda kumwamsha mzee wa chumba cha mwisho. Mzee huyo ananiita dada yake. Ameniita hivyo tangu nilipofika, na kila asubuhi naitika, namvalisha viatu, tunatembea ukumbini naye ananisimulia habari za mama yetu. Sijawahi kujiuliza kama ana dada kweli, na kama yupo, anajisikiaje. Siku ile niliitika huku machozi yananitoka. Akaniuliza nani kanipiga.

Nilimweleza Filimbi kila kitu. Hakurukaruka. Alisema ugonjwa huu ungempeleka Bibi huko nyuma hata kama mngekaa ndani mwaka mzima, na pengine angefika mapema zaidi, akiwa amevimba miguu na mwenye hofu. Kutembea hakukumtenga na mimi. Kumempa siku nzuri, usingizi, na lango la hospitali. Kurudisha yaliyokwisha kupotea hakuwezi, na mimi nilikuandikia hivyo Februari lakini mwenyewe nilikuwa sikubali. Kwa hiyo usijibebeshe mzigo ambao ni wangu.

Nilisema nataka anijue. Nimebadilisha. Nataka apande kilima.

Akikuita Kiberiti, itika. Ukimwita Mama, mwite kwa sauti, maana mimi sikuwa mtu wa kunong'ona.

Mama yako

20 Oktoba

Shikamoo Mama,

Tumerudi kazini, kama nilivyokuandikia Agosti. Si kama mwanzo. Zile wiki alizokaa ndani zimechukua kitu ambacho hakijarudi. Kilimani tunapumzika kwa fundi viatu, ambaye sasa anatuwekea kigoda bila kuombwa, na Bibi anamwambia kila siku kwamba soli zake ni za kubandika kwa mate. Lakini tunafika. Miguu imepungua uvimbe, analala, na choo anakijua. Raba amekubali kuzivaa, baada ya msimamizi kumwambia ni viatu vipya vya wafanyakazi wote na kuvaa jozi yake mwenyewe.

Nimefikiria ujio wako. Nimemwambia kwamba kuna mfanyakazi mpya anakuja Desemba kusaidia kwenye mashuka. Akauliza kama anajua kukunja. Nikasema sijui. Akasema, "Tutamwona."

Je, nimekosea, Mama? Bado naweza kumwambia vingine.

Sisimizi

28 Desemba

Mwanangu Sisimizi,

Naandika nikiwa stendi, basi limechelewa. Uliponisindikiza hukuuliza kilichotokea asubuhi ile nilipokuomba ubaki nyumbani niende naye peke yangu. Wewe huulizi. Kwa hiyo nakuandikia.

Wiki nzima uliona mwenyewe. Aliniita "mgeni", akaniandalia chai kwa heshima, akaniuliza kama nimelala vizuri. Nilikuwa najiambia, mimi ni mlezi, nimezoea. Kumbe nimezoea wazee wa watu.

Asubuhi ile tulibeba bunda sisi wawili. Njiani alinionya kuhusu magari, lakini mkono hakunipa. Mgeni mtu mzima haongozwi mkono. Kwenye kigoda cha fundi viatu alinisimulia habari za binti yake, mtundu, anapanda kuta, lakini kichwani yuko vizuri, atakuja kuwa mtu. Nilimwuliza, "Unampenda?" Akashangaa. "Kiberiti? Nitampendea nini na ananimalizia vitambaa?" Halafu akacheka peke yake mpaka juu.

Msimamizi alitupa shuka kubwa. Nikashika pembe zangu, yeye zake. Tukalikung'uta. Sikuwa nimeshika shuka na mama yangu tangu nilipoondoka nyumbani, na sikupanga lolote. Mikono ndiyo iliyojua. Kidole gumba kikaingia ndani ya pembe, kikapindua. Tuliposogeleana anipokee, akasimama. Akazitazama pembe zangu. Akazipapasa kwa vidole, moja, kisha ya pili, kama mtu anayesoma.

"Nani amekufundisha mkunjo huu?" akauliza.

Nikasema, "Mama yangu."

Alinitazama usoni muda mrefu. Mwanangu, nilingoja. Nakwambia kweli, nilingoja kama mtoto. Mashine zilikuwa zinanguruma na msimamizi alikuwa ameshika mdomo.

Akasema, "Basi mama yako anajua kazi. Amekulea vizuri. Ukirudi kwenu, umsalimie."

Nikamwambia nitamsalimia.

Tukakunja yote yaliyobaki. Hakunirekebisha hata pembe moja.

Basi limefika. Mtunze, na wewe ujitunze. Majibu ya chuo ulichoomba yakitoka usiogope kwenda kuyaangalia. Msimamizi amesema Bibi akikosa wa kumpandisha kilima atashuka kumchukua yeye mwenyewe.

Mama yako

16 Januari

Shikamoo Mama,

Nimesoma barua yako nikiwa nimekaa kwenye ngazi, jirani wa chini akapita, akaniuliza kulikoni, nikamjibu kwa sauti kwamba mama yangu ameniandikia. Hakuniuliza zaidi.

Bibi ameanza kuchoka mapema. Wiki hii, siku mbili tumeishia kwa fundi viatu, tukarudi. Fundi anatufungulia bunda pale kibandani kwake, Bibi anakunja akiwa kwenye kigoda, na tunasema tumefika. Msimamizi alishuka jana na foronya zake.

Jina langu sijalisikia tangu ulipoondoka. Naitika lile jingine. Limenizoea.

Lakini nimeandika kwa sababu ya jambo moja. Tangu uondoke, wewe hakukutaja, nikajua umeshapotea kama simu. Leo asubuhi, tukiwa tunashika shuka, pembe zangu zikachomoza kama kawaida, akanipiga vidole na kusema, "Yule mgeni alikuwa anakunja vizuri." Mama, hilo lilikuwa jambo jipya. Lilitokea Desemba, na limo kichwani mwake.

Halafu akaniuliza, "Hivi alimfikishia mama yake salamu zangu?"

Nimjibu nini?

Sisimizi

2 Februari

Mwanangu,

Mwambie zimefika. Mwambie yule mama hajambo, amezipokea kwa mikono miwili, na bado anakwenda kazini kila asubuhi.

Akiuliza tena kesho, mwambie tena.

Mama yako, Kiberiti